Bosi mkali na bosi mnyanyasaji: mpaka uko wapi?

Msimu wa korosho unapofunguliwa, kuanzia mwezi wa kumi hivi, Mtwara na Lindi hujaa ajira za ghafla. Maghala yanatafuta makuli na makarani, vyama vya msingi vya ushirika vinahitaji watu wa mizani, gesti zinaongeza wahudumu kwa ajili ya wanunuzi na madereva wa malori, na mama lishe wa pale Chikongola naye anatafuta binti wa kumsaidia kuosha vyombo. Ajira hizo huja na malalamiko ya aina mbili yasiyopatana. Huyu anasema, "Vijana wa siku hizi hawaambiliki, ukimkosoa kidogo tu anasema ananyanyaswa." Yule anasema, "Pale hatufanyi kazi, tunatukanwa. Lakini utafanyaje? Ndiyo kazi."

Wote wawili wana ukweli wao. Tatizo ni kwamba tunatupia kwenye kapu moja mambo yaliyo tofauti kabisa: bosi anayedai kazi, bosi asiye na adabu, bosi mnyanyasaji, na bosi anayevunja sheria ya nchi. Ninachoshikilia mimi ni kwamba ukali wa kazi na kumdhalilisha mfanyakazi ni vitu viwili, na kila tunapovichanganya anayefaidika ni yule anayedhalilisha. Akiulizwa atajibu, "Mimi ni mkali tu, nataka kazi iende," na sisi tutaitikia kwa kichwa.

Tuanze na lililo jepesi. Bosi anayetaka ufike saa moja na nusu kamili, anayekurudishia hesabu mara ya tatu kwa sababu hazijakaa sawa, anayekuandikia onyo kwa kuchelewa, anayekunyima ruhusa siku ya mnada, huyo anatumia mamlaka yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa nafasi ya kudai hadi saa 45 za kawaida kwa wiki, kupima utendaji wako, kukuonya, na hata kukuachisha kazi akifuata utaratibu. Unaweza kumwita mnoko ukiwa kijiweni, na huenda ni mnoko kweli. Hajakunyanyasa.

Ngazi ya pili ni utovu wa adabu. Wasomi wawili wa Marekani, Lynne Andersson na Christine Pearson, waliueleza mwaka 1999 kuwa ni matendo madogo yanayovunja kanuni ya kuheshimiana, na ambayo nia yake haiko wazi. Hiyo "haiko wazi" ndiyo inayotesa watu. Umemsalimia hakuitikia: alikudharau au hakusikia? Unamweleza jambo yeye anachezea simu: ana haraka au anakuona takataka? Amekusonya, amekukatiza, amemtuma mhasibu kuchemsha chai kwa sababu tu ni mwanamke. Ukilisimulia nyumbani linaonekana jambo dogo, na mwenzio atakwambia unajitafutia presha.

Ngazi ya tatu ndiyo ya bosi mnyanyasaji. Mwaka 2000 Bennett Tepper, naye Mmarekani, alichapisha utafiti uliokuwa msingi wa tafiti nyingi zilizofuata. Alimwelezea kuwa ni msimamizi anayeonyesha uhasama wa maneno au wa vitendo, bila kumgusa mtu mwili, na kwa kuendelea. Sio siku moja aliyoamka vibaya. Katika orodha yake yumo bosi anayemkejeli mtu mbele ya wenzake, anayemnunia mfanyakazi wiki nzima bila kumsemesha, anayekumbushia makosa ya mwaka juzi, asiyempa mtu sifa ya kazi ngumu aliyoifanya, na anayemsingizia wa chini yake ili yeye asiaibike. Tazameni kwamba nusu ya mambo hayo hayana kelele hata kidogo. Bosi mnyanyasaji anaweza kuwa mtu wa sauti ya chini, anayetabasamu, anayeswali swala tano au asiyekosa misa.

Ngazi ya nne ni yale ambayo sheria imeyataja kwa majina: ubaguzi, unyanyasaji wa kijinsia, rushwa ya ngono, kupiga. Kofi la msimamizi ni shambulio, ni kosa la jinai, na mahali pa kulipeleka ni kituo cha polisi. Nitayarudia haya mbele.

Ili tofauti ionekane kwa macho, twende kwenye kiwanda cha kubangua korosho. Ganda la nje, lenye mafuta yanayounguza ngozi, limeshaondolewa. Korosho zimepita kwenye tanuri la kukaushia, sasa ziko mezani kwa wamenyaji, wengi wao akina mama, wanaoondoa kile kiganda chembamba chekundu kwa kidole na kisu kidogo. Korosho nzima ina bei nzuri kuliko kipande, kwa hiyo kila inayovunjika ni hasara. Tuseme trei ya mama mmoja imejaa vipande.

Msimamizi wa kwanza anamwita pembeni. "Mama, leo vipande vimezidi. Shida nini?" Mama anamwonyesha: kiganda kimegandamana, hakitoki mpaka ukibane. Wanaangalia trei ya jirani, nayo ni hivyohivyo. Kumbe tanuri halikukausha vizuri. Msimamizi anakwenda kwa mtu wa tanuri, lakini kabla hajaondoka anamwambia mama, "Ukiona hivi, usiendelee kuvunja, niite. Kesho ukinyamaza tena nitakuandikia onyo." Hakucheka naye. Amemkaripia, na ametishia adhabu.

Msimamizi wa pili anaimwaga trei mezani, wenzake wote wanageuka. "Mikono gani hii? Ndiyo maana hata mume alikukimbia!" Mama anainamisha kichwa, anaokota vipande kimoja kimoja. Mtu wa tanuri anaendelea na kazi yake kama kawaida, na jioni mzigo mzima una vipande.

Msimamizi wa kwanza alizungumzia trei. Wa pili alizungumzia ndoa. Wa kwanza aliuliza, akajibiwa, akajua kilichoharibika. Wa pili hatajua kamwe, kwa sababu katika meza ile hakuna atakayethubutu kufungua mdomo mbele yake. Ukitaka kujua bosi wako yuko upande gani, usipime sauti. Angalia anachokisema kinahusu kazi au kinahusu utu wako, maumbile yako, kabila lako, nyumba yako. Angalia pia kama maneno yaleyale angeweza kumwambia mtu anayelingana naye cheo.

Sasa kwa nini watafiti wanajisumbua na vitu vidogo kama msonyo? Wakazi wa Shangani na Mikindani wanajua hewa ya bahari inavyokula bati. Huwezi kutaja siku ambayo bati lilitoboka. Lilianza doa, doa likawa kutu, na mvua ya masika ilipokuja ndipo ukajua. Andersson na Pearson waliona ofisi zinaliwa namna hiyo: mmoja anasonya, mwingine anajibu kwa kununa, wa kwanza anaongeza, mpaka siku moja watu wazima wanakunjana mashati mbele ya wateja na hakuna anayekumbuka ilianza wapi. Na haibaki kati ya wawili. Meneja aliyefokewa kwa simu kutoka makao makuu anamshukia karani, karani anamshukia kuli, na kuli anakwenda nalo nyumbani.

Kuna utafiti mmoja ambao ningependa kila mwenye mamlaka katika hospitali, ghala na shule zetu aufahamu. Ulichapishwa mwaka 2015, uliongozwa na Arieh Riskin, na ulifanyika Israel. Timu 24 za madaktari na wauguzi wa watoto wachanga ziliwekwa kwenye zoezi la mafunzo: mtoto njiti, ambaye ni mwanasesere, hali yake inabadilika ghafla, na timu inatakiwa itambue tatizo na kumtibu. Waliambiwa kuna mtaalamu kutoka nje anawatazama. Baadhi ya timu zilisikia kutoka kwake maneno ya kawaida. Nyingine zilisikia maneno ya dharau kuhusu wahudumu wa afya wa nchi yao, maneno ambayo hayakuhusu hata kazi waliyokuwa wakiifanya. Hakuwafokea wala hakuwatukana matusi ya nguoni. Lakini timu zilizodharauliwa zilitambua ugonjwa vibaya zaidi na zilikosea zaidi katika tiba, na sababu moja kubwa ilikuwa kwamba watu waliacha kupeana taarifa na kuombana msaada.

Mtoto yule angekuwa wa kweli, dharau ndogo ya asubuhi ingemgharimu yeye.

Miaka ya tisini mtafiti Amy Edmondson naye alichunguza wodi za hospitali nchini Marekani akitaka kujua kama timu zinazoongozwa vizuri hukosea kidogo katika kutoa dawa. Alichokiona kilimshangaza: wodi zenye viongozi wazuri ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi kwenye kumbukumbu. Maelezo yake ni kwamba katika wodi hizo watu hawakuogopa kusema, "Nimekosea dozi," hivyo makosa yaliandikwa na kurekebishwa. Kwingine yalifichwa. Kwa hiyo bosi anayejisifu kwamba kwake hakuna makosa kwa sababu watu wanamwogopa, ajiulize upya anachokijua kuhusu ofisi yake.

Peleka hilo kwenye ghala la chama cha msingi. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo korosho hupokelewa ghalani na kuandikiwa stakabadhi kabla ya mnada, pesa ya mkulima inategemea kilo na ubora vilivyoandikwa. Karani ameona mizani inacheza, au ameona gunia lina unyevunyevu. Kama jana alimwambia mkubwa wake jambo la namna hiyo akaitwa mjinga mbele ya foleni ya wakulima, leo atanyamaza. Atakayeumia hatakuwa karani tu. Ni mzee wa Tandahimba au Ruangwa aliyelala na matumaini ya mnada, ambaye hajui kwamba chanzo cha hasara yake ni matusi aliyotukanwa mtu mwingine.

Tulifikaje hapa? Kusimamia watu kwa kelele kuna historia ndefu Kusini. Mwaka 1905 vita ya Majimaji ilianzia katika milima ya Umatumbi, Kilwa, na mojawapo ya sababu zake kubwa ni watu kulazimishwa kulima pamba chini ya maakida wa serikali ya Wajerumani na viboko. Baadaye yakaja mashamba ya mkonge ya Lindi na Mikindani na wanyapara wake, kisha mpango wa karanga wa Waingereza kule Nachingwea mwishoni mwa miaka ya arobaini. Kizazi baada ya kizazi kimeona kwamba mkubwa wa kazi ni mtu anayepiga kelele na mdogo ni mtu anayeinama. Mtu anapopandishwa cheo leo, mara nyingi hakuna anayemfundisha kusimamia. Anafanya kile alichofanyiwa.

Hata hivyo simkubalii anayesema kwamba heshima kazini ni mambo ya wazungu yaliyoletwa na semina. Mwaka 1971, Mwongozo wa TANU ulisema wazi kwamba ni marufuku kwa kiongozi kuwa na majivuno, makuu, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwanda waliushika mkononi. Miaka iliyofuata waligoma na hata kuwafungia nje mameneja waliowatukana, wakitaja kipengele hicho cha 15. Hao hawakuwa vijana wa intaneti. Walikuwa babu na bibi zetu, na walijua tofauti ya kusimamiwa na kudharauliwa.

Hoja nyingine unayoisikia sana hapa kwetu ni ya utani. Bosi anamwambia mfanyakazi maneno ya kutoboa, yule akikunja uso anaambiwa, "Mbona unakasirika, si utani tu?" Utani wa makabila Kusini ni jambo la kweli na la thamani. Watani husemana maneno mazito hata msibani, na hakuna anayekwenda kushitaki. Lakini una masharti yake, na sharti kubwa ni kwamba mnarudishiana. Kuli anaweza kumrudishia bosi wake palepale, kwa ukali uleule, na kesho akaitwa kazini kama kawaida? Kama hawezi, basi kinachoendelea pale si utani, na bosi analijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Halafu kuna suala la umri, ambalo vitabu vya Marekani havina habari nalo. Meneja ana miaka 28, ametoka chuo, ameletwa kutoka Dar. Mlinzi au fundi wake ana miaka 58. Kila mtu anajua nani wa kumwamkia mwenzake shikamoo, lakini cheo kinaleta utata, na wapo vijana wanaoamini kwamba wakimwamkia mtu wa chini yao watapoteza mamlaka. Matokeo yake ni mzee kuitwa "wewe, njoo hapa" mbele ya wajukuu zake. Nimeona mameneja vijana wanaoanza siku kwa "Shikamoo mzee," wanaitikiwa "Marahaba mwanangu," na dakika tano baadaye wanamwambia mzee huyohuyo kwamba lango halikufungwa usiku na jambo hilo lisijirudie. Mzee anapokea. Mamlaka hayajapungua hata chembe, na mzee hatakwenda kuhadithia vilabuni kwamba ametukanwa na mtoto.

Na lile linaloniudhi kuliko yote: "Nyinyi watu wa Kusini bila kufokewa hamfanyi kazi." Linasemwa na wageni, na kwa aibu yetu linasemwa na sisi wenyewe tukipata vyeo. Anayelitamka hajui kwamba ametoka kwenye ukosefu wa adabu na kuingia kwenye jambo ambalo sheria inalikataza kwa jina. Sheria ya 2004 inataja misingi ambayo mwajiri haruhusiwi kumbagua mtu kwayo, ikiwamo kabila au mahali alikotoka, rangi, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, umri na virusi vya UKIMWI. Na inasema kumbughudhi mfanyakazi kwa misingi hiyo ni aina ya ubaguzi. Kwa hiyo mama wa trei aliyesimangwa kwa kukimbiwa na mume, na kuli anayeitwa mvivu kwa kuwa ametoka Newala, wana la kusema mbele ya sheria hata kama hawajaguswa kidole.

Tuingie basi kwenye sheria yenyewe, maana hapa ndipo watu wengi wanaumia kwa kutojua.

Ushauri unaotolewa haraka vijiweni ni huu: "Acha kazi, kamshitaki." Una nusu ya ukweli, na hiyo nusu nyingine inaweza kukukosesha haki yako yote. Ni kweli sheria inatambua kwamba mwajiri akifanya kazi isivumilike na mfanyakazi akalazimika kuondoka, kuondoka huko kunaweza kuhesabiwa kuwa ameachishwa kazi, ingawa barua ya kuacha ameandika mwenyewe. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinatoa mifano: unyanyasaji wa kijinsia, au mwajiri kushindwa kumlinda mfanyakazi dhidi yake, na mfanyakazi kutendewa isivyo haki. Lakini kwenye huo mfano wa kutendewa isivyo haki kuna mkia: mradi awe ametumia kwanza utaratibu wa malalamiko uliopo kazini, isipokuwa kama ana sababu nzuri ya kutoutumia. Mtu aliyetupa funguo mezani kwa hasira, akapanda bodaboda akaenda zake, hana karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba alilalamika. Bosi atasema, "Aliacha kazi mwenyewe, hata sijui kwa nini."

Kwa hiyo malalamiko yaandikwe kabla ya kuondoka. Barua haihitaji Kiswahili cha mahakamani. Inatosha kusema: "Tarehe 14 Novemba, saa nne asubuhi, kwenye meza ya kumenyea, mbele ya fulani na fulani, msimamizi aliniambia maneno haya," kisha uyaandike maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, bila kuyalainisha wala kuyatia chumvi. "Si mara ya kwanza, aliwahi kusema hivi tarehe fulani. Naomba jambo hili lishughulikiwe." Toa nakala, mpokeaji aisaini na kuweka tarehe kwenye nakala yako. Akikataa kusaini, andika aliyekataa na aliyeshuhudia. Ujumbe wa WhatsApp usiufute. Bosi aliyekuaibisha kwenye kundi la kazini saa tano usiku amekupa ushahidi wenye tarehe na saa.

Jambo la pili ni muda. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile inayoitwa CMA, ndani ya siku 30. Migogoro mingine, kama ya mshahara au ubaguzi ukiwa bado kazini, ni siku 60. Unajaza fomu namba 1, unampa mwajiri nakala, na hatua ya kwanza ni usuluhishi: mnakaa na msuluhishi kujaribu kuelewana. Mkishindwa ndipo shauri linakwenda kwenye uamuzi. Wapo wanaosubiri msimu uishe, au wanaosubiri mjomba aliyeko Dar aongee na mwenye kampuni, na wanapofika ofisi za Tume siku zimepita. Ukichelewa unaweza kuomba kusikilizwa nje ya muda, ila lazima uwe na sababu za kuridhisha, na "nilikuwa nasubiri mjomba" haitoshi.

Jambo la tatu linawahusu vibarua wa msimu. Ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haumhusu mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri huyo. Wengi wa ghalani hawafiki huko. Hili ni pengo kubwa, na wasimamizi wengine wanalijua, ndiyo maana kauli ya "kesho usije" inatoka midomoni mwao kwa wepesi. Lakini pengo hilo halimnyimi kibarua kila kitu. Ubaguzi umekatazwa hata kwa mtu wa siku mbili. Ujira wa kazi aliyoifanya ni haki yake. Na kukosa mkataba wa maandishi si mwisho wa habari: mwajiri ndiye anayetakiwa kuweka maandishi hayo, na asipoweza kuyaonyesha, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia yeye.

Kukata mshahara kwa hasira nako kumeota mizizi, hasa gestini na madukani. Sahani imevunjika, "nakukata." Hesabu imepungua, "nakata wote." Sheria haimruhusu mwajiri kukata anavyojisikia. Kwa hasara iliyosababishwa na mfanyakazi, lazima awe amekubali makato hayo, awe amepewa nafasi ya kujieleza, na jumla ya makato isizidi robo ya mshahara wake. Kumkata binti wa jikoni mshahara wote wa mwezi kwa sufuria moja ni uonevu, na unaweza kuupeleka kwa afisa kazi wa mkoa.

Bosi anayetaka mwili wa mtu ili ampe kazi, ampandishe cheo au asimfukuze, huyo si wa kupelekewa barua ya malalamiko peke yake. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inaitaja rushwa ya ngono kuwa kosa, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wana namba ya bure, 113. Kumbughudhi mtu kijinsia ni kosa pia chini ya Kanuni ya Adhabu, tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998. Na matusi yenyewe, yakitolewa kwa namna inayoweza kuvunja amani, ni kosa la jinai. Watu wanadhani tusi la bosi lina kinga. Halina.

Walimu, wauguzi, maafisa watendaji na watumishi wengine wa umma wana njia yao. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mtumishi wa umma anatakiwa kumaliza kwanza njia za Sheria ya Utumishi wa Umma, pamoja na rufaa zake, kabla ya kwenda kwenye vyombo vya sheria za kazi. Mwalimu anayesimangwa na mkuu wa shule kila asubuhi mbele ya wanafunzi asipoteze siku zake kwenye foleni isiyo yake. Aanzie kwa maandishi ndani ya mfumo, na kama ni mwanachama wa CWT, chama cha walimu, tawi lake la wilaya limfahamu mapema. Wafanyakazi wengine nao wana vyama vyao: TUGHE kwa wa afya na serikali, TALGWU kwa wa halmashauri, TUICO kwa viwanda na biashara, CHODAWU kwa mahoteli na kazi za majumbani.

Nionye na upande wa mfanyakazi. Kujibu tusi kwa tusi kunaeleweka kibinadamu, na damu ikichemka ni rahisi kusema. Ila kanuni za 2007 zinataja utovu mkubwa wa utii na kumpiga mtu kazini miongoni mwa makosa mazito yanayoweza kumfukuzisha mtu. Bosi mnyanyasaji mzoefu huisubiri siku hiyo. Anachokoza taratibu kwa miezi, hakuna aliyeandika, siku unayomshika ukosi wake ndiyo siku pekee itakayokuwa na kumbukumbu, na wewe ndiye utakayeitwa kwenye kikao cha nidhamu. Ukiitwa, kumbuka una haki ya kupewa tuhuma kwa lugha unayoielewa, muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na mwenzako au mtu wa chama wa kukaa nawe.

Na wenzako wa mezani, wale waliogeuza vichwa trei ilipomwagwa, ndio wenye ufunguo wa mengi. Shauri la maneno bila shahidi ni gumu. Si lazima mtu asimame akapigane. Kumwambia mwenzako jioni, "Nilisikia, na nikiulizwa nitasema," kunabadilisha hali yake yote, na kuandika jina lako kwenye karatasi yake siku ileile, kabla kumbukumbu hazijachanganyika, ni msaada mkubwa kuliko pole.

Wamiliki wa biashara ndogo huniambia kwamba haya yote ni ya makampuni makubwa yenye idara ya rasilimali watu. Sivyo. Gesti ya Masasi yenye wafanyakazi sita inaweza kuwa na utaratibu wa malalamiko kwenye karatasi moja iliyobandikwa jikoni: jina la mtu wa kupokea malalamiko ambaye si meneja anayelalamikiwa, siku ambazo jibu litatolewa, na nani wa kwenda kwake ikiwa lalamiko lenyewe linamhusu mwenye gesti. Kama ni biashara ya familia na mke ndiye meneja, mtu huyo asiwe mume. Awe mhasibu wa nje, au mzee wa mtaa ambaye pande zote zinamheshimu, na namba yake ya simu iandikwe hapohapo.